Mbwa Mdogo Hazaliwi Mkali

Mpira wa matambara uliruka ukuta wa jirani yangu saa kumi na moja jioni, na mtoto wa miaka 8 akaufuata, kama watoto wote wanavyofuata mipira yao. Uani kulikuwa na mbwa mmoja, mdogo kiasi cha kubebeka kwa mkono mmoja, amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda la kuku. Mtoto alipoinama kuokota mpira, mbwa akamrukia na kumng'ata shavu la mguu.

Tulipofika tulikuta vitundu vinne vya meno, mtoto analia, na kijana mmoja ameshashika rungu. Kila aliyekuwepo alikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa mamoja: hawa chotara ndivyo walivyo, mbegu yao mbaya. Mimi nilikosa la kusema. Ndugu wa mbwa yule, wa tumbo moja, alikuwa amelala barazani kwangu wakati huohuo, na mtoto yuleyule aliyeng'atwa humchezea masikio kila Jumapili anapokuja kwetu kuchukua maziwa.

Watoto wawili wa mama mmoja na baba mmoja, waliozaliwa siku moja. Huyu anang'ata, yule analalia miguu ya wageni. Kama ni mbegu, mbegu yao ni moja. Walichotofautiana ni nyumba walizokulia.

Mama yao ni mbwa wa kienyeji wa mtaani kwetu Kimara, rangi ya kahawia, masikio yamesimama. Baba ni yule mweupe wa manyoya mengi, spitzi, wa nyumba ya juu yetu, aliyepata upenyo siku moja geti likiwa wazi. Walizaliwa wanne, chini ya ngazi ya nyumba ambayo ilikuwa bado inajengwa. Wawili walikufa kabla hawajamaliza mwezi. Mmoja nilimchukua mimi akiwa na wiki nane, na mwingine akachukuliwa na jirani wiki hiyohiyo. Wangu alipewa jina na mama yangu mdogo: Hayawahusu, kwa desturi yetu ile ya kumpa mbwa jina ambalo kwa kweli ni ujumbe kwa majirani. Wa jirani akaitwa Simba. Wote wawili hadi leo hawajazidi kilo saba.

Jirani yangu ni mtu mwema. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa ndicho wengi wetu tulichofundishwa: mbwa afungwe mchana na afunguliwe usiku, asizoeshwe watu, ale mara moja kwa siku. Wapo hata wanaomtilia pilipili kwenye chakula wakiamini ukali unaanzia tumboni. Tena mbwa akiwa mdogo wa umbo ndipo watu huzidisha, kwa hoja kwamba asipokuwa mkali atafaa nini?

Asubuhi iliyofuata alikuja bwana mifugo wa kata, mtu mzima, mpole wa maneno. Hakumwendea Simba moja kwa moja. Alichuchumaa mbali kidogo, akampa ubavu, akaangalia pembeni, akangoja. Mbwa alikuwa amebana mkia katikati ya miguu. Alilamba pua mara mbili tatu, akapiga mwayo ilhali hana usingizi, akageuza kichwa huku macho yamebaki kwetu, hadi weupe wake ukaonekana. Baada ya kimya kirefu mzee akaniambia, "Mama, mnasema mbwa huyu mkali. Mtazameni vizuri. Huyu anaogopa."

Nimeishi na mbwa tangu utotoni na sikuwa nimejua kuisoma lugha ile. Kulamba pua, kupiga mwayo, kugeuza uso, kuonyesha weupe wa macho, kusimama mkakamavu bila kutikisika: hayo yote ni mbwa anayeomba apewe nafasi. Asiposikilizwa, huunguruma. Akiunguruma tukampiga, anajifunza kwamba kuunguruma kunamletea kipigo, na siku nyingine ataruka hatua hiyo. Ndiyo maana tunasikia kila mara kwamba mbwa fulani aling'ata ghafla, bila onyo. Onyo lilikuwepo siku za nyuma, na sisi ndio tuliolinyamazisha kwa fimbo.

Kwa mbwa mdogo mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu hofu yake haichukuliwi kwa uzito. Mbwa mkubwa aina ya Jamani shepadi akiunguruma, kila mtu anarudi nyuma. Kijibwa wa kilo sita akiunguruma, watu wanacheka, watoto wanamnyanyua, mgeni anamruka kama kiatu mlangoni. Yeye huishi usawa wa vifundo vya miguu yetu, akiona nyayo zinamjia kutoka kila upande, na mnyororo ukishamfunga hana pa kukimbilia. Mnyama mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Tukimfunga tumemwachia moja tu.

Sasa turudi kwenye mbegu, maana hapo ndipo imani zetu zimejikita. Aprili 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa wa watafiti wa Marekani, wakiwemo Kathleen Morrill na Elinor Karlsson. Walikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, karibu nusu yao wakiwa na mbwa chotara, na wakapima vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Walichokuta ni kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Vinasaba vina kazi yake, lakini jina la aina, lile tunalolilipia fedha nyingi, halitoshi kukuambia mbwa aliye mbele yako atakuwa na tabia gani. Kwa mbwa chotara maana yake ni hii: huwezi kumtazama masikio na mkia ukatabiri moyo wake. Itakubidi umjue mwenyewe.

Kuna kipimo kingine cha zamani zaidi, na kwangu ndicho kizito. Mwaka 1961 watafiti wa huko Bar Harbor, Marekani, walieleza walichokiona kwa watoto wa mbwa waliolelewa bila kuguswa na binadamu. Waliozoeshwa watu wakiwa bado wachanga walizoea upesi. Walioachwa mpaka wiki ya 14 waligeuka kama wanyama wa porini, na kuwazoesha baadaye ikawa kazi ngumu mno. Tangu hapo wanaofuatilia tabia za mbwa hulitaja dirisha hilo: kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya 12 au 14, mtoto wa mbwa huandika kichwani mwake orodha ya vitu vya kawaida. Kitakachoingia humo hatakiogopa sana. Kitakachokosa kuingia, huenda akakiogopa maisha yake yote. Wahenga hawakuhitaji maabara kulijua hili. Samaki mkunje angali mbichi.

Simba na Hayawahusu walitoka chini ya ile ngazi wakiwa na wiki nane. Kila mmoja alikuwa amebakiwa na wiki kama sita za dirisha lake. Wangu alizitumia akipita mikono ya watoto, akisikia bodaboda, blenda, adhana, kwaya, mvua juu ya bati, sufuria zikianguka jikoni. Sikufanya hivyo kwa utaalamu wowote. Nyumba yangu ina watu wengi na mbwa alikuwa katikati yao. Simba alizitumia akiwa na nguzo, mnyororo na kuku. Mtoto aliyeruka ukuta kufuata mpira alikuwa kitu ambacho hakikuwahi kuingia kwenye orodha yake.

Anayemchukua mtoto wa mbwa basi afanye kazi hiyo kwa makusudi. Mchukue akiwa na wiki nane, usimwachishe mama yake mapema, maana kwa mama na ndugu zake ndipo anapojifunza kuuma taratibu bila kuumiza. Kila siku aguswe masikio, kinywa, makucha na tumbo kwa upole, ili siku daktari wa mifugo atakapomshika asiogope. Aone wazee wenye bakora, watoto, wanaume wenye kofia, wanawake wenye baibui, baiskeli, magari. Akitishika asivutwe, apewe umbali, na kipande cha dagaa akitulia. Mbwa hujifunza kwa kinachomletea faida, na dagaa mmoja aliyetolewa kwa wakati hufundisha zaidi ya fimbo kumi. Watoto nao wafundishwe: mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha haguswi, wala hakumbatiwi shingoni hata akiwa mdogo kama mwanasesere.

Swali la kwanza la bwana mifugo asubuhi ile, kabla hata ya kuchuchumaa, lilikuwa kadi ya chanjo. Haikuwepo. Hapo ndipo uso wa mama wa mtoto ulipobadilika, nasi sote tukakumbuka kwamba jino la mbwa linaweza kubeba kifo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Katika wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, asilimia 40 ni watoto wasiofikisha miaka 15, haohao wanaofuata mipira.

Jioni iliyotangulia kuna aliyetaka jeraha lipakwe mafuta ya taa. Mama wa mtoto alikataa, akaliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na hicho ndicho hasa kinachotakiwa kufanywa kabla ya kingine chochote. Kisha wakaenda kutafuta chanjo. Kituo cha kwanza hakikuwa nayo. Cha pili walikuwa nayo. Asubuhi ile kijana wa rungu alikuwa bado anataka mbwa amalizwe palepale. Bwana mifugo akamzuia: mbwa aliyeng'ata akiwa bado mzima hufungiwa mahali salama na kutazamwa siku 10, huku mtoto akiendelea na chanjo zake. Mbwa akizimaliza siku hizo akiwa na afya, hakuwa na ugonjwa huo mateni mwake siku alipong'ata. Ukimuua na kumtupa umejinyima jibu. Siku zile 10 mtaa mzima uliishi kwa kuhesabu. Simba alizimaliza mzima.

Nimezieleza habari hizi kwa urefu kwa sababu kinga ya ugonjwa huu ni nyepesi kuliko hofu yetu. Sindano moja kwa mwaka, kuanzia mbwa akiwa na miezi mitatu, ingetosha kutulaza usingizi. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hili limejaribiwa hapahapa kwetu. Kisiwa cha Pemba kiliutokomeza, ukarudi mwaka 2016 baada ya chanjo kulegea, kampeni zikarudiwa, ukatokomezwa tena. Somo la Pemba ni kwamba kazi hii inawezekana, na kwamba haina likizo.

Chanjo ya kichaa peke yake haitoshi. Ipo ya mseto inayomkinga mbwa na parvo, inayowamaliza watoto wa mbwa kwa kuharisha damu, na distempa pia. Wanaodhani distempa ni habari ya nyumbani tu wakumbuke mwaka 1994, ugonjwa huo ulipoingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Kijibwa asiyechanjwa anaweza kumgharimu mnyama ambaye watalii huvuka bahari kuja kumwona.

Kuhusu matunzo mengine, mbwa mdogo ana mambo yake. Tumbo lake ni dogo, hivyo agawiwe chakula mara mbili kwa siku, na akiwa chini ya miezi minne mara tatu au nne. Ugali wa dona na dagaa, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa vizuri, mabaki ya wali na maharage yasiyo na viungo, vyote vinamfaa vikichanganywa kwa akili na kukiwa na kitoweo cha kutosha, maana ugali mtupu haumjengi. Vitunguu, vitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwake, na kwa mwili wa kilo sita kiasi kidogo tu chaweza kumdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Kosa kubwa kuliko yote ni kumpikia mbwa unga ulioota ukungu kwa sababu watu hawawezi kuula. Sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, humharibu mbwa ini vilevile, tena mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Unga usioweza kuula wewe, usimpe.

Minyoo humnyonya damu kijibwa mpaka ufizi ukawa mweupe. Apewe dawa kila wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu, halafu kila miezi mitatu. Kupe watafutwe jioni, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia, kwa kuwa wanaleta homa inayoua. Hapa nina onyo: dawa ya josho la ng'ombe ikikorogwa kwa kukisia inaweza kumuua mbwa wa kilo sita. Nenda kwa mtaalamu, taja uzito wa mbwa wako, upewe kipimo. Meno ya mbwa wadogo husongamana na kuoza mapema, basi afunguliwe kinywa na kuangaliwa. Jike hubeba mimba siku kama 63 tu, na asiyefungwa kizazi anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Maboksi ya watoto wa mbwa yanayotupwa kando ya barabara na madampo yanaanzia hapo.

Najua wapo wasomaji, hasa wa mwambao na visiwani, ambao kwao mbwa ana hukumu zake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ninaiheshimu hukumu hiyo, nayo inahusu tohara, haikuruhusu ukatili. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, na katika hadithi za Mtume imo habari ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mbwa anaweza asikanyage sebule maisha yake yote na bado akatunzwa vizuri: banda lenye kivuli lisilovuja, maji safi, chakula, ua wa kuzunguka, na mtu wa kumwita kwa jina.

Sheria nayo imeshasema. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama. Lakini siamini kwamba askari ndiye atakayemfungua mbwa wa jirani yangu. Kilichomfungua ni zile siku 10. Jirani alisimika nguzo, akazungushia waya kona ya ua, akamwachia Simba humo bila mnyororo. Mkewe akawa anampelekea chakula mwenyewe na kukaa naye kidogo. Akachanjwa. Miezi ilipopita aliacha kutetemeka, akaanza kutikisa mkia mtu wa nyumbani akiingia.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya msomaji. Huu ni mwaka wa tatu, na Simba bado hapendi mgeni amguse mgongoni. Watoto wakipita huenda kujibanza nyuma ya banda. Ni mlinzi mzuri kama ndugu yake. Wote wawili hubweka geti likiguswa usiku, na kubweka ndiyo kazi yote ambayo mbwa wa kilo saba anaweza kutufanyia. Hakuna siku ambayo ule ukali wa mnyororo uliongeza kitu kwenye ulinzi huo. Kilichoongezeka ni kovu kwenye mguu wa mtoto, na hofu ambayo upendo wote wa sasa haujaweza kuifuta.

Wenye mbwa wadogo, nawaomba mambo mawili. Itafuteni kadi ya chanjo leo, na kama haipo, mwoneni afisa mifugo wa kata yenu kabla wiki hii haijaisha. Na anayemleta nyumbani mtoto wa mbwa asianze kwa kuuliza mbegu. Ahesabu wiki zake. Kama hajafikisha 14, nafasi bado ipo, aitumie.